Jeti za kabureta ya pikipiki: kujua ipi inakosea, na namna ya kuirekebisha

Jeti ni kipande kidogo cha shaba ya njano chenye tundu katikati, na kazi yake ni kupima petroli. Haiongezi nguvu. Injini ina nguvu zake tayari. Jeti isiyofaa inazipunguza, jeti inayofaa inaziachia zitoke. Anayetarajia jeti ya saizi kubwa zaidi igeuze pikipiki ya 125 kuwa ya 200 atapata plagi nyeusi na tangi linaloisha upesi, basi.

Petroli ikiungua kikamilifu, gramu 1 huhitaji karibu gramu 14.7 za hewa. Injini inapotakiwa kutoa nguvu zake zote hupenda petroli zaidi ya hapo, kama gramu 1 kwa gramu 12.5 hadi 13 za hewa. Petroli ikizidi kiasi tunasema mchanganyiko ni mzito. Ikipungua, ni mwepesi. Mzito huchafua plagi na kupoteza mafuta. Mwepesi huchemsha injini, na ukiachwa muda mrefu huunguza valvu au kutoboa pistoni. Kwa hiyo ukibaki na shaka kati ya saizi mbili, chukua iliyo nzito kidogo.

Kabla hujagusa jeti

Pikipiki nyingi zinazobadilishiwa jeti hazikuwa na tatizo la jeti. Kama pikipiki ilikuwa inakwenda vizuri, haikubadilishwa ekzosi wala eakilina (kichujio cha hewa), na sasa inasumbua, jeti haikubadilika saizi yenyewe usiku. Kilichobadilika ni kitu kingine, na ukiweka jeti mpya juu ya kasoro hiyo utakuwa na makosa mawili ya kutafuta badala ya moja.

Anza na eakilina. Ikiwa imejaa vumbi hewa haipiti, mchanganyiko unakuwa mzito. Kisha mpira unaounganisha kabureta na injini: injini ikiwa inanguruma kwa sailensa (yaani inazunguka polepole mkono wa eksileta ukiwa umeachiwa), nyunyiza maji kidogo kidogo kuzunguka mpira na gasketi yake. Mlio ukibadilika, kuna ufa unaovuta hewa ya pembeni, na hakuna jeti itakayotibu ufa. Pima tapeti (nafasi ya valvu), valvu iliyobanwa sana inaifanya injini isite kwa sailensa na iwe ngumu kuwaka, dalili zilezile za jeti ndogo, ile ya sailensa, iliyoziba. Angalia plagi na pengo lake (pikipiki nyingi ndogo hutaka kati ya milimita 0.6 na 0.8, lakini kitabu cha pikipiki yako ndicho cha kufuata). Fungua mpira wa petroli uone kama yanatiririka bila kukatika. Yakianza vizuri kisha yakafifia, fungua kifuniko cha tangi: yakirudi kwa nguvu, tundu la hewa la kifuniko limeziba.

Choki nayo husahaulika. Katika kabureta nyingi choki si kibao cha kuziba hewa bali ni njia ya ziada ya petroli inayofungwa na kipistoni kidogo chenye mpira mwishoni. Mpira huo ukichakaa, petroli huvuja muda wote hata choki ikiwa imerudishwa, na injini inakuwa nzito hasa mkono unapokuwa umefunguliwa kidogo.

Mwisho ni kimo cha petroli ndani ya bakuli, kinachotawaliwa na boya. Kimo kikipanda, kila njia ya kabureta inakuwa nzito kwa pamoja. Kikishuka, zote zinakuwa nyepesi. Ukiona dalili ya namna moja kuanzia sailensa mpaka mwendo wa juu kabisa, fikiria boya au eakilina kwanza, jeti baadaye.

Kila kipande na zamu yake

Hiki ndicho kiini cha kazi yote. Kabureta haijui injini inazunguka mara ngapi kwa dakika. Inachojua ni umefungua mkono wa eksileta kiasi gani, na kwa kila kiasi kuna kipande kinachotawala:

- Mkono umefungwa hadi moja ya nane: jeti ndogo, pamoja na skrubu yake ya hewa au ya mafuta.
- Moja ya nane hadi robo na kidogo: mkato ulio chini ya slaidi (kipande kinachopanda na kushuka ndani ya kabureta), upande wa eakilina.
- Robo hadi robo tatu: sindano inayoning'inia kwenye slaidi. Mwanzoni unene wake ndio unaohesabika, baadaye ni mchongoko wake na klipu iko kwenye mfuo upi.
- Robo tatu hadi mwisho: jeti kubwa.

Zamu hizi hupishana. Hakuna ukuta kati yake. Lakini zinatosha kukuambia usiguse jeti kubwa kwa sababu ya pikipiki inayozima kwenye foleni, wala skrubu ya hewa kwa sababu ya pikipiki isiyofika mwendo wake wa juu.

Ili usikisie, bandika utepe kwenye mpira wa mkono na mwingine kwenye sehemu isiyozunguka iliyo jirani. Chora mstari mmoja kwenye sehemu isiyozunguka, kisha kwenye mpira chora mistari ya mkono ukiwa umefungwa, robo, nusu, robo tatu na mwisho. Ukiendesha, tazama mistari pale injini inaposita. Watu wengi hushangaa kwamba mwendo wao wa kawaida barabarani hauvuki robo ya mkono, yaani jeti kubwa wanayohangaika nayo haina neno katika safari yao.

Mzito au mwepesi?

Injini nyepesi huchelewa kushuka sailensa ukiachia mkono, hupiga milipuko kwenye ekzosi unaposhuka mlima, hupata joto kupita kawaida, na kwenye mwendo wa kutulia huwa inasukuma na kuachia bila wewe kugusa kitu. Inataka choki muda mrefu kabla haijazoea. Injini nzito hutoa moshi mweusi, hubabaika kwa mlio mzito unaokatika katika, huwa afadhali ikiwa ya baridi na mbaya zaidi ikishapata moto, na harufu ya petroli hubaki nyuma yako.

Tatizo ni kwamba zote mbili husita ukifungua mkono. Kwa hiyo pima. Injini ikiwa moto, shika mkono palepale inaposita na vuta choki kidogo. Ikipata afueni, ilikuwa nyepesi. Ikizidi kubanwa, ilikuwa nzito. Kipimo hiki hakikugharimu chochote na kinasema kweli zaidi kuliko rangi ya plagi ambayo umeitoa baada ya kuzungukazunguka mtaani.

Plagi ina maana tu ikisomwa kwa utaratibu. Weka mpya, endesha kwenye kiasi cha mkono unachotaka kupima kwa kilomita moja au mbili, kisha kwa mara moja bana klachi, zima injini na uache pikipiki ijisogeze mpaka isimame pahali salama. Ukirudi nyumbani kwa sailensa kisha ukaitoa, unasoma sailensa. Kaure ya plagi, ile sehemu yake nyeupe ya ndani, ikiwa na rangi ya kahawia hafifu ni nzuri. Nyeupe kabisa, au yenye vitone vinavyong'aa, ni nyepesi. Masizi makavu meusi ni mzito. Weusi wa majimaji yenye mafuta ya injini ni habari ya ringi au sili za valvu, haihusiani na kabureta. Petroli isiyo na risasi huacha rangi kidogo sana, hivyo tazama chini kabisa ya kaure, pale inapozama ndani ya chuma.

Namba za jeti

Kila jeti ina namba iliyochongwa, na namba kubwa ni petroli nyingi. Lakini namba za viwanda viwili hazilingani. Jeti kubwa za Mikuni zenye umbo la pembe sita hupewa namba kwa kiasi cha petroli kinachopita. Za Keihin hufuata kipenyo cha tundu kwa sehemu za mia za milimita, yaani 100 ni tundu la karibu milimita 1. Tofauti hii ina athari kwenye hesabu: kuongeza namba ya Mikuni kwa asilimia 5 ni kuongeza petroli kwa asilimia 5, wakati kuongeza kipenyo kwa asilimia 5 kunaongeza eneo la tundu kwa asilimia 10 na zaidi. Ukihamisha namba kutoka aina moja kwenda nyingine kama ilivyo, umebahatisha.

Kuna jeti za kuiga ambazo namba yake haimaanishi kitu. Zikichanganywa na za asili kwenye majaribio, utajikuta umeweka namba ya juu na injini imezidi kuwa nyepesi. Nunua seti yote ya aina moja.

Usitoboe jeti kwa keekee kuikuza. Utaharibu umbo la mdomo wake, na namba iliyochongwa itabaki kumdanganya atakayefungua kabureta baada yako. Vilevile usisafishe kwa waya wa chuma. Tundu la jeti ndogo mara nyingi halifiki hata nusu ya milimita, na mkwaruzo mdogo unalibadilisha. Tumia dawa ya kusafishia kabureta na upepo wa kompresa. Ikishindikana, badilisha jeti.

Kuifungua

Fanya kazi injini ikiwa ya baridi na mbali na moto. Funga koki ya tangi, legeza skrubu ya chini ya bakuli na umwage petroli kwenye chombo. Kwenye pikipiki nyingi zenye silinda moja huna haja ya kung'oa kabureta nzima: legeza klipu za mipira miwili, izungushe kabureta upande, na bakuli litafikika.

Kabureta za Kijapani hufungwa kwa skrubu za msalaba zinazofuata kipimo cha Kijapani kiitwacho JIS. Bisibisi ya nyota ya kawaida hukaa juujuu na kuvuruga kichwa cha skrubu. Tafuta yenye ncha ya JIS, ikandamize kwa nguvu, kisha ndipo uizungushe. Jeti nazo zinataka bisibisi bapa inayojaza mfuo wote. Ukiikaza kama boliti ya injini, shaba itakatika na kipande kitabaki ndani. Nguvu ya vidole viwili kwenye mpini wa bisibisi inatosha.

Ndani utaona jeti kubwa katikati, mara nyingi imekaa mwishoni mwa mrija ambamo sindano hupita, na pembeni yake jeti ndogo, imezama kwenye tundu lake. Andika namba zote mbili kabla hujabadilisha lolote, pamoja na mfuo wa klipu na mizunguko ya skrubu. Kubadilisha vitu viwili kwa mara moja ni kujinyima jibu, kwa sababu hutajua ni kipi kilichosaidia.

Jeti kubwa kwanza

Petroli inayopita kwenye sindano imekwisha kupita kwenye jeti kubwa. Ndiyo maana kazi huanzia juu na kushuka, mradi injini inawaka na inatulia kiasi cha kuendeshwa.

Tafuta barabara iliyonyooka, isiyo na magari, penye kipandio kidogo. Injini ikiwa moto, fungua mkono mpaka mwisho kwenye gia ya tatu au ya nne na uiache ivute. Karibu na mwendo wa juu rudisha mkono kidogo tu, kama moja ya nane. Pikipiki ikichangamka na kuongeza mwendo, jeti kubwa ni ndogo mno. Ikisita au kumisi, ni kubwa mno. Ikipungua mwendo kidogo tu, kwa utulivu, uko sawa. Panda au shuka saizi moja moja. Ikiwa umefungua ekzosi au umeweka eakilina ya wazi, tarajia kupanda saizi mbili tatu, lakini usianzie kwa kukisia kwamba ni tano.

Kisha sindano. Ukiitoa utaona mifuo karibu na kichwa chake butu, mara nyingi mitano, na klipu kwenye wa katikati. Hapa watu hukosea mwelekeo: klipu ikishushwa kuelekea ncha, sindano inapanda, na mchanganyiko unakuwa mzito. Klipu ikipandishwa kuelekea kichwa, sindano inazama, na mchanganyiko unakuwa mwepesi. Jaribu kwenye nusu ya mkono, gia ya tatu, kwenye mlima usio mkali. Mfuo mmoja ukizidi na wa jirani ukipungua, weka wosha nyembamba ya nusu milimita chini ya klipu, utapata katikati ya hiyo miwili.

Kuna kasoro moja ambayo hakuna mfuo unaoiponya. Baada ya matumizi marefu sindano hukwaruza mrija wake mpaka tundu linakuwa la mviringo wa yai. Pikipiki inaanza kula mafuta kwenye robo hadi nusu ya mkono, haina shida kwa sailensa wala mwisho wa mkono, na fundi anapunguza jeti kubwa mpaka injini inakuwa nyepesi hatari kwenye mwendo wa juu huku ulaji haujapungua. Badilisha sindano na mrija wake pamoja.

Mkato wa slaidi hauguswi mara nyingi. Ujue tu kwamba namba kubwa ni mkato mrefu, yaani hewa zaidi na mchanganyiko mwepesi zaidi, na kwamba kabureta inayopiga chafya ukianza kufungua mkono, wakati jeti ndogo iko sawa, huenda inataka slaidi yenye namba ndogo.

Jeti ndogo na skrubu yake

Tambua kwanza skrubu yako ni ipi. Iliyo upande wa eakilina hupima hewa: ukiifunga, mchanganyiko unakuwa mzito. Iliyo upande wa injini hupima mafuta: ukiifunga, mchanganyiko unakuwa mwepesi. Zinakwenda kinyume kabisa, na ushauri wa "fungua kidogo" bila kusema skrubu ipi ni ushauri nusu. Usiichanganye na skrubu ya sailensa, ile inayosukuma slaidi au kibao cha mkono juu na chini.

Endesha kama dakika 10 injini ipate moto. Funga skrubu polepole mpaka iguse, bila kuikaza. Ncha yake ni nyembamba na hukatika au kupanua kiti chake. Ifungue mzunguko mmoja na nusu. Pandisha sailensa kidogo, kisha zungusha skrubu robo ya mzunguko kwa mara, ukisubiri sekunde kadhaa injini iitikie. Tafuta pale injini inapozunguka kwa kasi na usawa zaidi. Sasa shusha sailensa irudi kwenye kiwango chake, ambacho kwa pikipiki ndogo nyingi za silinda moja ni kati ya 1,300 na 1,500 kwa dakika, na urudie mara moja.

Hesabu mizunguko uliyofikia. Kati ya mmoja na miwili na nusu, jeti ndogo inafaa. Kwa skrubu ya mafuta, ukilazimika kuvuka mitatu, jeti ni ndogo mno. Ukiwa chini ya mmoja, ni kubwa mno. Kwa skrubu ya hewa geuza maneno hayo. Na kama skrubu haibadilishi kitu hata ukiifunga, usiendelee kuizungusha: njia ya jeti ndogo imeziba, au slaidi imepandishwa mno na skrubu ya sailensa.

Kwenye pikipiki nyingi za kisasa skrubu hii imefunikwa kwa kizibo cha shaba kwa ajili ya sheria za moshi. Kabla ya kukitoa, hakikisha sheria ya mahali ulipo inaruhusu.

Joto na mwinuko

Kila ukipanda mita 1,000, uzito wa hewa hupungua kwa karibu asilimia 10. Petroli inayofyonzwa haipungui kwa kiasi hicho. Hupungua kwa karibu nusu yake. Matokeo ni mchanganyiko mzito kwa asilimia 5 hivi. Jeti ya Mikuni ya 100 inataka kushuka kuelekea 95, na ya Keihin ya 100 kuelekea 98, kwa kila mita 1,000. Joto nalo hufanya kazi kwa njia hiyohiyo lakini kwa upole: nyuzi 10 za Selsiasi huleta tofauti isiyofika asilimia 2, kiasi ambacho skrubu au mfuo unaweza kukimeza. Anayepanda mlimani kwa siku moja na kurudi hana haja ya kubadilisha kitu, maana uzito huo hauumizi injini. Aliyeweka jeti za mlimani kisha akashuka pwani ndiye mwenye haraka, kwa sababu anashuka kuelekea wepesi.

Petroli iliyochanganywa ethanoli asilimia 10 hufanya mchanganyiko uwe mwepesi kwa asilimia 3 au 4. Kama jeti zako zilikuwa tayari mpakani, hapo ndipo milipuko ya ekzosi huanza.

Kabureta ya dayaframu, na injini za mipigo miwili

Kwenye kabureta ya dayaframu (utando mwembamba wa mpira) mkono wako haupandishi slaidi. Unafungua kibao tu, na slaidi hupandishwa na mvuto wa hewa. Kwa hiyo alama za utepe husema kweli kwa kibao, si kwa sindano, na ukifungua ghafla slaidi hupanda kwa kuchelewa. Sindano nyingi za aina hii zina mfuo mmoja tu, ndiyo sababu wosha nyembamba hutumika sana huko. Injini ikikataa kuvuka mzunguko fulani hata ukifungua mkono wote, toa kifuniko cha juu na uishike dayaframu kwenye mwanga kabla ya kununua jeti. Tundu dogo kama la sindano ya kushonea linatosha kuizuia slaidi isipande.

Kwa mipigo miwili, kosa la wepesi halitoi muda. Petroli ndiyo inayobeba mafuta ya kulainisha, na jeti kubwa ikiwa ndogo, pistoni hung'ang'ania ndani ya silinda pale pale kwenye mwendo wa juu. Anza kwa jeti kubwa kupita mahitaji, iliyo nzito mpaka injini inabwabwaja, kisha shuka saizi moja moja. Na usiongeze mafuta ya kulainisha kwenye tangi ukidhani unaifanya injini kuwa salama bila kugusa jeti: oili hiyo inachukua nafasi ya petroli ndani ya tundu lilelile, hivyo oili ikizidi, mchanganyiko unakuwa mwepesi. Ukibadilisha uwiano wa petroli na oili kutoka 50 kwa 1 kwenda 25 kwa 1, pima jeti kubwa upya.